Pua Nayo Ina Alifu na Be Zake

Kila Mwislamu aliyepita chuoni anakijua kisa cha Nabii Yaaqub, amani ya Mwenyezi Mungu imshukie. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuwa meupe kwa huzuni ya kumlilia mwanawe Yusuf. Msafara ulipoondoka Misri na kanzu ya Yusuf, mzee yule, akiwa mbali kwake, aliihisi harufu ya mwanawe, na waliokuwa karibu naye wakamwona bado yumo katika makosa yake ya siku zote. Jicho lilikuwa limeshindwa, habari hazijafika, lakini pua ilikwisha kuipokea bishara.

Huo ni muujiza wa Mtume, na muujiza haupimwi kwa mizani ya watu. Lakini nilipokuwa mtoto, mwalimu wetu alipokisimulia kisa hiki, nilijiuliza jambo dogo tu: harufu ni kitu gani? Inaingiaje mtu, na mtu anajuaje kwamba hii ni ya asumini na hii ni ya papa mkavu? Sikuthubutu kuuliza, kwani bakora ilikuwa karibu kuliko jibu. Jibu nilikuja kulipata ukubwani, katika habari za mwanamke mmoja wa Marekani aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kulitafuta.

Nimemkumbuka mwanamke huyo kwa sababu ya maneno yaliyopita barazani petu juzi. Yuko binti mmoja wa mtaani, amemaliza kidato cha nne na kupita vizuri sana, naye ameazimia kusoma biolojia, hasa mambo ya seli, yaani vile vyumba vidogo mno ambavyo miili yetu imejengwa kwavyo. Ami yake alikuwa amekasirika. "Maalim," akaniambia, "mtoto asome miaka kumi kitu kisichoonekana kwa macho? Si heri asome uhasibu akapate kazi bandarini?" Mwingine akadakia, "Na akisha kukijua hicho kidude, kitamlisha nani?" Watu wakacheka. Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa, akasikia yote, akaliweka sinia chini na kurudi ndani bila kusema neno.

Usiku ule nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kumenikera tangu hapo. Leo najibu kwa kalamu.

Linda Buck alizaliwa mwaka 1947 katika Seattle, mji wa bandari ulioko magharibi mwa Marekani. Baba yake alikuwa mhandisi wa umeme aliyependa kubuni na kuunda vitu nyumbani, na mama yake alikuwa mama wa nyumbani aliyependa kufumbua mafumbo ya maneno. Bi. Buck hakuwa mtu wa kukimbia. Kwanza alitaka kuwa mwenye kutibu watu wenye matatizo ya moyoni na akilini, kisha akabadili nia, akaacha masomo, akarudi, akajaribu hili na lile. Digrii yake ya kwanza aliipata mwaka 1975, akiwa na miaka 28. Huku kwetu mtu wa umri huo asiye na kazi angekwisha kuitwa mzururaji. Mwaka 1980 alipata udaktari wa elimu ya kinga ya mwili huko Dallas, Texas, kisha akaenda New York, Chuo Kikuu cha Columbia, na baadaye akaingia katika maabara ya mtaalamu aitwaye Richard Axel. Hapo kazi yake ilikuwa kuchunguza mishipa ya fahamu ya konokono wa baharini.

Naam, konokono. Ami yule angesikia hivyo angeanguka barazani.

Mwaka 1985 Bi. Buck alisoma makala ya wataalamu wa Baltimore waliokuwa wakijadili namna harufu inavyoweza kutambuliwa na mwili. Swali likamganda. Alipomaliza kazi ya konokono wake hakuondoka kwenda kutafuta cheo kama ilivyo desturi. Alibaki pale pale, na mwaka 1988 akaanza kutafuta kitu ambacho hapana mtu aliyekuwa amekiona: milango ya harufu.

Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze milango hiyo ni nini, maana ndiyo kiini cha maneno yote haya.

Chukua seli moja kama nyumba ya Mji wa Kale. Ina ukuta pande zote, na si kila apitaye njiani huingia. Katika ukuta huo umepachikwa mlango, na mlangoni pana bawabu. Wataalamu humwita bawabu huyo kipokezi, naye ni protini, yaani kitu cha jamii ile ile inayojenga nyama ya mwili. Mgeni anapofika haingii ndani. Hupiga hodi tu. Kipokezi kikimtambua hujigeuza umbo kwa upande wa ndani, na huko ndani yuko mtumishi mwingine ambaye hutumwa mbio kumpa habari mwenye nyumba. Mgeni amebaki nje, lakini nyumba nzima imekwisha kujua nani amekuja.

Mwili wetu wote unaendeshwa kwa hodi za namna hii. Mtu akishtuliwa na mbwa usiku, moyo humdunda kwa sababu homoni ya adrenalini imepiga hodi katika seli za moyo. Mgonjwa wa pumu anapovuta dawa yake, dawa ile hubisha katika vipokezi vya jamii hiyo hiyo ya adrenalini, na njia za pumzi zikafunguka. Katika ule ugonjwa wa kisukari unaowashika wengi wetu ukubwani, insulini hupiga hodi lakini milango imekuwa mizito wa kusikia. Kiasi cha theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa Marekani hufanya kazi kupitia ukoo mmoja tu wa vipokezi, ule ambao protini yake huupenya ukuta wa seli mara saba, ndani na nje, kama uzi wa mshona kofia. Nani basi aseme kwamba kidude hiki hakimlishi mtu? Kimewaweka hai wangapi waliokaa baraza ile ile wakicheka?

Turudi puani. Juu kabisa ndani ya pua pana kipande kidogo cha ngozi laini, yenye unyevu, na ndani yake mna mamilioni ya seli za fahamu. Unapofukiza udi, vijipande vidogo visivyoonekana huruka na moshi, vikavutwa na pumzi, vikafika hapo. Hayo yalijulikana. Lisilojulikana ni hili: binadamu anaweza kupambanua maelfu ya harufu, je, ina milango michache inayofanya kazi zote, au ina milango mingi, na kama ni mingi, iko wapi?

Bi. Buck aliweka dhana tatu, na uzuri wake ni kwamba ni dhana za mtu aliyekwisha kukaa sana na jambo. Kwanza, alidhani vipokezi vya harufu ni wa ukoo ule unaopenya ukuta mara saba. Pili, alidhani ni vingi, vinafanana kama watu wa jamaa moja lakini hapana viwili vilivyo sawasawa. Tatu, alidhani havipatikani mahali pengi mwilini ila puani. Akachukua pua za panya, akatumia njia ya kuzidisha chembe za urithi ambayo siku zile ilikuwa bado changa, akaanza kuchekecha. Miaka ya thelathini ilikuwa imekwisha kumpita, na ya arubaini ikamkuta hapo hapo akichekecha.

Mwaka 1991 yeye na Axel walitangaza waliyoyapata, katika makala yenye majina yao mawili tu. Walieleza jeni 18 za vipokezi hivyo, na ikadhihirika kwamba hizo ni chache tu kati ya kundi kubwa mno. Baadaye ilijulikana kuwa panya ana kiasi cha jeni 1,000 za namna hiyo, na binadamu ana takriban 400 zinazofanya kazi. Fikiri, msomaji: katika maandishi yote ya urithi aliyoandikiwa panya, sehemu kubwa hivyo imetengwa kwa ajili ya kunusa peke yake. Mwaka huo huo Bi. Buck akapata nafasi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alikuwa na miaka 44, na 11 katika hiyo alikuwa ameifanyia kazi chini ya wakubwa wengine.

Lakini milango 400 haitoshi kwa maelfu ya harufu. Hesabu hii ilijibiwa mwaka 1999, katika kazi aliyoifanya na wenzake, wakiwamo wataalamu wa Japani. Waligundua kwamba harufu moja hupiga hodi katika vipokezi kadhaa kwa pamoja, na kipokezi kimoja hufunguliwa na harufu kadhaa. Ubongo hausikilizi bawabu mmoja. Husoma mkusanyiko wao.

Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, maana nilijiona nimerudi chuoni, ubao mapajani. Herufi tulizofundishwa ni 28 tu. Alifu, be, te. Kwa hizo 28 imeandikwa Kur-ani tukufu, na Hadithi, na fikihi, na barua za wafanyabiashara, na tenzi za wazee wetu. Hapana neno lililohitaji herufi yake peke yake. Na pua nayo ndivyo ilivyoumbwa: ina alifu na be zake, huziunga, ikasoma asumini; huziunga vingine, ikasoma samaki aliyeoza. Mtoto wa chuoni huanza kwa kuvunga herufi asijue zaenda wapi. Bi. Buck naye alianza hivyo hivyo.

Tena liko jambo ambalo Mswahili angelielewa kabla ya kuelezwa, kwa sababu lugha yake imekwisha kulipambanua. Sisi twasema kunuka na kunukia, na mtoto hafikishi miaka mitano ila amejua tofauti yake. Sasa, ndani ya ua la asumini mna kitu kiitwacho indoli. Kitu hicho hicho kimo katika kinyesi. Kikiwa kingi, chanuka. Kikiwa kidogo, chanukia. Kazi ile ya mwaka 1999 ilionyesha sababu mojawapo: harufu ikizidi wingi wake, huamsha vipokezi vingine ambavyo mwanzo vilikuwa kimya, na neno linalosomwa na ubongo likageuka. Kwa hiyo bibi anayetengeneza vikuba, akipima asumini na rihani na mkadi kwa vidole vyake, anajua kwa mkono jambo ambalo maabara ililijua kwa miaka mingi. Simdharau bibi wala siidharau maabara. Nasema wote wawili wamesoma kitabu kimoja.

Na wala si jambo geni katika Uislamu kuijadili harufu kwa elimu. Karne ya tisa, mjini Baghdad, alikuwako al-Kindi, mwanafalsafa wa Kiarabu, ambaye anatajwa kuwa mtunzi wa kitabu cha kutengeneza manukato na kuyachuja kwa mvuke. Kuoga na kujitia manukato siku ya Ijumaa ni suna. Dini iliyoipa pua heshima hiyo haiwezi kukereka mtoto wake akitaka kujua pua inafanyaje kazi.

Mwaka 2004 Bi. Buck na Axel walipewa Tuzo ya Nobel ya elimu ya tiba. Wengi wanapoandika habari zake hukomea hapo, kwenye makofi. Mimi naona sehemu iliyo kubwa kuliko tuzo inafuata.

Mwaka 2001 Bi. Buck alikuwa ametangaza, pamoja na wenzake, makala juu ya njia zinazopitishia habari za harufu ubongoni. Baadaye maabara yake ilijaribu kuirudia kazi ile, ikashindwa kupata matokeo yale yale. Mwaka 2008, naye amekwisha kuwa na tuzo, aliitangua makala hiyo hadharani. Mwaka 2010 akazitangua nyingine mbili, za mwaka 2005 na 2006, kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Kazi ya mwaka 1991 iliyompa tuzo haikuguswa, hiyo imesimama. Lakini mtu mwenye jina duniani kote alisimama akasema: niliyowaambia pale siwezi kuyathibitisha, msiyajengee.

Ndugu yangu, sisi ni watu wa isnadi. Maulamaa wetu wa Hadithi walisafiri miezi kwenda kuhakikisha mpokezi mmoja, na wakipata doa katika mnyororo wa wapokezi waliitia Hadithi ile katika dhaifu, japokuwa maneno yake ni mazuri na yapendeza masikioni. Elimu kwao ilikuwa amana. Leo ni nani katika viongozi wetu, waandishi wetu, hata baadhi ya wanaotupandia mimbari, aliyepata kurudi mbele za watu akasema, nilikosea? Mimi mwenyewe nimeandika magazetini miaka mingi, na nikihesabu mara nilizosahihisha makosa yangu bila kulazimishwa, vidole vya mkono mmoja vyabaki. Hilo ndilo ningependa binti yule akalisome, zaidi ya seli zenyewe.

Atakayesema kwamba haya yote ni ya Marekani na hayatuhusu, nitamkumbusha mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia, watu wengi walipotewa na kunusa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Siku kumi na kitu nilikunywa kahawa ya tangawizi kama maji ya moto. Mke wangu alifukiza udi na chetezo akakileta mbele ya uso wangu, nikaona moshi tu. Siku ile nilimkumbuka Nabii Yaaqub kwa namna ambayo sikupata kumkumbuka. Niliona ni neema gani niliyokuwa nayo miaka hamsini bila kuishukuru. Hofu yangu ilikuwa kwamba seli za fahamu puani zimekufa.

Mwaka ule ule wataalamu waliweza kueleza kwamba kirusi hakiingii sana katika seli zile za kunusia, bali katika seli za jirani zinazozitunza, kwa kuwa hizo ndizo zenye kipokezi ambacho kirusi hicho hukitumia kama mlango. Ndiyo maana kwa wengi harufu ilirudi. Jibu hilo lilipatikana upesi kwa sababu walikuwako watu waliokwisha kutumia miaka mingi kuhesabu seli za pua na kuzipa majina, wakati ambapo hapana mgonjwa aliyekuwa akiwalilia. Kisima huchimbwa kabla ya kiu.

Na karibu zaidi ya hapo: kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao Nairobi, kilichunguza kwa nini mbung'o humkwepa kuro. Sababu ni harufu ya mnyama huyo. Wataalamu wakaiiga harufu ile, wakaitia katika vibweta vya kufungwa shingoni mwa ng'ombe, na majaribio yakafanywa Shimba Hills, huko Kwale. Vipokezi vya mdudu si wa ukoo wa vyetu, lakini swali ni lile lile la Bi. Buck. Mfugaji wa Kwale ambaye ng'ombe wake amesalimika na nagana hahitaji kuelezwa faida ya elimu ya harufu.

Sisemi kwamba hoja ya ami haina uzito. Njaa ina uzito. Njia ya elimu hii ni ndefu, ina gharama, na wengi waipitao hawapati tuzo wala jina. Wengine hutafuta mlango miaka 10 wakakuta ukuta. Mzazi ana haki ya kuogopa, na mtoto ana haki ya kuambiwa ukweli huo kabla hajaondoka. Lakini kumwambia ukweli ni jambo moja na kumcheka ni jambo jingine. Wazee wetu waliomwacha kijana akae miaka kumi na mitano mbele ya sheikh akisoma nahau na fikihi hawakumuuliza kila Ijumaa, "Itakulisha nini?" Walijua elimu ina wakati wake, na walimpelekea chakula. Sisi tumekuwa watu wa cheti, na cheti chenyewe twakitaka kabla ya mwezi kuandama.

Nimekwisha kwenda kwa ami yule, nikamwomba radhi kwa kunyamaza, nikamwambia maneno haya. Hajakubali. Amesema tu kwamba atafikiri, na kwa mtu kama yeye hilo si dogo. Binti naye aliniletea kahawa, nikamuuliza kama bado nia yake ni ile. Akanijibu, "Ami, mimi nataka tu kujua." Sikuwa na la kuongeza, ila ubeti huu mmoja nawaachia wazazi wenzangu:

Harufu ina milango, na kila mlango siri,
Asiyekuwa na lengo, hawezi kuitabiri,
Elimu haina hongo, hupata mwenye subiri,
Tusimfungie lango, mwana aliye safari.